Maziwa yakigoma kuganda

Muuza mtindi yeyote ameshakutana na asubuhi hii. Jana jioni maziwa yalichemshwa, yakapozwa, yakatiwa mbegu, yaani mtindi kidogo wa kuanzishia, ndoo ikafunikwa vizuri. Leo ukifunua yako vilevile, majimaji, hayana hata uchachu. Sababu huwa tatu. Mbili ni za mpikaji: alitia mbegu maziwa yakiwa bado ya moto ikafa, au mbegu yenyewe ilikuwa imezeeka. Ya tatu inatoka zizini. Ng'ombe aliugua kiwele, akachomwa antibayotiki, na mfugaji akauza maziwa kabla ya siku za kungoja kwisha. Siku hizo huandikwa kwenye karatasi ya dawa, na hutofautiana dawa kwa dawa. Kuchemsha hakuokoi kitu, maana dawa za jamii ya penisilini hustahimili moto wa jikoni, na mabaki kidogo sana yanatosha kuwanyamazisha bakteria wanaogandisha.

Bakteria wa tumboni mwa mtu hufanyiwa hivyohivyo kila anapomeza dawa hizo bila sababu. Tofauti ni kwamba hakuna anayeamka asubuhi kufunua ndoo atazame.

Mwaka 2016 watafiti watatu, Ron Sender, Shai Fuchs na Ron Milo, walikaa wakapiga hesabu upya ya bakteria wa mwilini. Kwa mwanamume wa kilo 70 walipata kiasi cha trilioni 38, dhidi ya seli za mwili wenyewe trilioni 30 hivi. Uzito wao wote ni karibu gramu 200. Ule usemi kwamba bakteria ni mara kumi ya seli zetu ulikuwa makisio ya zamani yaliyorudiwa mpaka yakageuka ukweli, na bado unausikia kwenye semina. Karibu wote wanaishi utumbo mpana. Tumboni kwenye asidi ni wachache, na utumbo mwembamba chakula hupita haraka mno wasipate kutulia.

Jambo hilo la mahali wanapoishi ndilo linaloamua karibu kila kitu. Sukari, soda, mkate mweupe na wali wa moto huvunjwa na kunyonywa huko juu, haviwafikii. Chakula chao ni kile kilichotushinda sisi: makapimlo, au nyuzinyuzi kama wengi wanavyoziita, pamoja na sehemu ya wanga iliyogoma kumeng'enywa. Wakikipata wanakichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo inayozipa seli za ukuta wa utumbo mpana sehemu kubwa ya nguvu zake. Wakikikosa hawafi njaa wote. Katika panya wa maabara wameonekana wakigeukia ute unaolinda ukuta wa utumbo na kuula, na ute ukipungua vijidudu vya maradhi hupata njia. Kwa hiyo mtu anayeuliza anunue kidonge gani cha bakteria wazuri anaanza mwisho. Swali la kwanza ni jana alikula nini kilichofika chini.

Kuna kipimo cha bure cha kujua mambo yanakwendaje huko. Kula mahindi ya kuchemsha, yatafune kivivu kidogo, andika saa, kisha usile mahindi tena mpaka uyaone chooni. Siku moja mpaka tatu ni kawaida. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alilichukulia jambo hili kwa uzito wakati wenzake wakilicheka. Mwaka 1972, yeye na wenzake Walker na Painter walichapisha vipimo: kwa wanavijiji wa Uganda chakula kilisafiri kwa saa 35 hivi na choo cha siku kilikuwa na uzito wa karibu gramu 470. Kwa mabaharia wa Uingereza ilikuwa saa zaidi ya 80, na gramu 100 na ushei. Sehemu kubwa ya uzito wa choo ni maji na bakteria wenyewe, ndiyo maana anayekula nyuzinyuzi kidogo hutoa kidogo na kwa taabu.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi za chakula cha asili kwa siku. Jikoni kwetu hizo si nyingi. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina gramu 13 hadi 15, na kunde, mbaazi na dengu haziko mbali. Parachichi lina gramu 7 hivi kwa kila gramu 100 za nyama yake, mapera gramu 5. Unga wa dona unazo mara kadhaa kuliko sembe iliyokobolewa ikawa nyeupe kama chokaa, kwa kuwa pumba ndiyo iliyobeba nyuzinyuzi, na pumba hiyo tunawapelekea kuku. Sahani ya makande, kipande cha parachichi na tunda moja, umeshamaliza hesabu ya siku. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, kwa mizizi, ubuyu na matunda ya porini, wanakadiriwa kupata gramu 100 hadi 150.

Hao Wahadzabe wamechunguzwa kuliko karibu kabila lolote Afrika kwa jambo hili. Utafiti wa mwaka 2014 uliwalinganisha na watu wa Bologna, Italia, ukakuta bakteria wao ni wa aina nyingi zaidi, na watu wazima wao karibu hawakuwa na bifidobakteria kabisa, wale wanaosifiwa kwenye matangazo ya mtindi wa dukani. Hawakuwa wagonjwa kwa kuwakosa. Utafiti mwingine wa 2017 uliwafuata kwa misimu: masika, wakati wa asali na matunda madogo, jamii fulani za bakteria zilipungua mpaka zisionekane, na kiangazi, wakati wa nyama na mizizi, zikarudi. Somo lake ni la kutuliza. Jumuiya ya utumboni haina sura moja sahihi, inafuata sufuria. Hii pia ndiyo sababu vipimo vya choo vinavyouzwa kwa bei kubwa, vyenye grafu za rangi na majina ya Kilatini, mara nyingi havimpi daktari kitu cha kufanyia kazi. Hakuna kiwango kinachokubalika cha kusema hii ndiyo kawaida.

Sasa, anayetoka kwenye chipsi na soda akaamua Jumatatu kuanza na makande asubuhi na jioni, Jumatano ataacha. Tumbo litajaa kama ngoma. Bakteria wanaovunja nyuzinyuzi wamebaki wachache, na waliopo wanatoa gesi kuliko kawaida. Ongeza kama gramu 5 kila wiki, yaani theluthi ya kikombe cha maharage kwa siku juu ya ulichokuwa unakula. Kaa hapo mpaka gesi ipungue, kisha ongeza tena. Wengi huhitaji wiki 2 au 3 kuzoea. Kunywa maji zaidi, kwa sababu nyuzinyuzi bila maji huweza kukaza choo badala ya kukilainisha.

Maharage yana sukari za aina ya rafinosi na stakiosi ambazo sisi hatuna kimeng'enya cha kuzivunja, na ndizo zinazoleta hewa. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, osha, pika kwa maji mapya. Hapo unapunguza sukari hizo bila kupoteza nyuzinyuzi. Chemsha kwa moto mkali kwa angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, hasa maharage mekundu, kwani yana lektini inayotapisha, na moto wa pole peke yake hauimalizi. Magadi yanalainisha haraka lakini yanaharibu vitamini B1. Ukikosa kuni au gesi ya kutosha tunakuelewa, ila weka kidogo.

Na kiporo. Wanga ukipikwa kisha ukapoa, sehemu yake hujipanga upya ikawa ngumu kwa vimeng'enya vyetu, ikapita mpaka chini ikawa chakula cha bakteria. Ugali uliolala, viazi vilivyopoa, wali wa jana, vyote viko hivyo, na ukivipasha moto sehemu kubwa ya ugumu huo hubaki. Ndizi mbichi za kupika zina wanga wa namna hii kwa wingi. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa 2001 ulionyesha kwamba watoto wenye kuhara kusikokoma waliopewa chakula chenye ndizi mbichi iliyopikwa walipona haraka kuliko wenzao. Hatari ya kiporo ipo kwenye wali. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kupikwa, na wali ukiachwa mezani usiku kucha kwenye joto la pwani hutoa sumu isiyoondoka kwa kupasha. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie frijini ndani ya saa moja au mbili, uliwe kesho yake. Asiye na friji aachane na kiporo cha wali, abaki na ndizi na maharage.

Tukirudi kwenye ndoo ya mtindi. Kwa lita moja, chemsha maziwa mpaka yafoke, punguza moto uyaache dakika 5 ukikoroga. Usiruke hatua hii kwa kuamini kwamba uchachu utaua kila kitu. Bakteria wa homa ya kutupa mimba kwa ng'ombe, yaani bruselosi, na wale wa kifua kikuu cha ng'ombe, huweza kuvumilia kwenye maziwa mabichi yaliyoganda. Acha yapoe mpaka kidole safi kikae ndani ukihesabu mpaka kumi bila kuunguzwa, hapo ni nyuzi 43 hivi. Tia vijiko 2 vya chakula vya mtindi mzuri usio na sukari, koroga taratibu, funika, zungushia blanketi au weka kwenye hotpoti. Mtindi wa aina ya yogati huganda ndani ya saa 4 hadi 8. Maziwa lala ni mbegu nyingine, inayopenda ubaridi: nyuzi 22 hadi 25, saa 16 hadi 18. Ukiipa joto la yogati haitafanya kazi, na ndiyo kosa la kawaida la anayebadilisha mbegu bila kubadilisha mtindo. Maji ya rangi ya manjano-kijani juu ni ya kawaida, koroga tu. Povu, harufu ya chachu ya mkate au utelezi wa kuvutika kama gundi maana yake ndoo imeingiliwa, mwaga. Hifadhi mbegu kutoka kwenye bechi nzuri kabla ya kutia sukari, na baada ya kuizungusha mara nne au tano tafuta mpya.

Mtindi una faida moja isiyohitaji matangazo. Watu wazima wengi wa Afrika Mashariki hawana tena uwezo kamili wa kumeng'enya sukari ya maziwa, isipokuwa jamii nyingi za wafugaji, ambazo utafiti wa 2007 ulionyesha kwamba zimejipatia badiliko lao wenyewe la kijenetiki, tofauti na lile la Wazungu. Bakteria wa mtindi huila sehemu ya sukari hiyo na kuleta kimeng'enya chao, hivyo anayeharishwa na maziwa fresh mara nyingi huuweza mtindi. Lakini bakteria hao hawahamii. Ni wageni wa kupita: ukiacha kunywa, baada ya siku chache hawaonekani tena chooni. Anayesema alikunywa kopo moja mwaka jana likamrekebisha tumbo mpaka leo anachuuza. Mwanza, tangu 2004, vikundi vya akina mama vimekuwa vikitengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus kwa msaada wa chuo kikuu cha Western cha Kanada, na wazo zima limesimama juu ya kunywa kila siku.

Togwa inafanya kazi kwa njia nyingine kidogo. Pika uji wa mahindi, mtama au ulezi, uache upoe mpaka nyuzi 35 hivi, tia unga wa kimea cha ulezi kiasi cha kijiko kimoja kwa kila vijiko kumi vya unga uliopikia, na kikombe cha togwa ya jana kwa kila vikombe kumi vya uji. Kimea huvunja wanga, uji mzito unalegea mwenyewe, kwa hiyo mtoto anaweza kunywa unga mwingi zaidi ndani ya kikombe kilekile. Kufikia saa 12 hadi 24 pH, yaani kipimo cha uchachu, hushuka chini ya 4, ambako vijidudu vingi vya kuharisha haviwezi kuongezeka. Tafiti zilizofanywa na Watanzania miaka ya 1990 zilikuta watoto waliolishwa uji uliochachuka walikuwa na vijidudu vya maradhi vichache zaidi kwenye choo. Usitie kimea chenye ukungu hata kidogo, wala usichanganye togwa na maji ya bomba ambayo hayajachemshwa baada ya kumaliza kazi yote hiyo. Hili la mwisho hutokea sana, mgeni akiwa mlangoni.

Mkoani Kilimanjaro, vijana 77 wa kiume wenye afya walishiriki jaribio lililochapishwa mwaka 2025. Waliokuwa wakila chakula cha asili walihamishiwa chakula cha kizungu kwa wiki 2, wengine wakafanyiwa kinyume chake, na kundi la tatu likanywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, kwa wiki moja. Waliohama makande na ndizi wakaenda kwenye vyakula vya viwandani, damu yao ilionyesha dalili za uvimbe, yaani kinga ya mwili kuchochewa (inflamesheni), kuongezeka, na seli za kinga zikawa zinajibu vijidudu kwa udhaifu zaidi. Waliorudi kwenye chakula cha nyumbani, na wale wa mbege, dalili za uvimbe zilishuka, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye. Wanywaji wasilichukue hili kama cheti. Ilikuwa kiasi kilichopimwa, kwa vijana wazima, kwa siku saba.

Sasa dawa. Duka la dawa la mtaani, mtu anaingia anasema tumbo linamsokota, anatoka na vidonge vya Flagyl vilivyohesabiwa kwenye kikaratasi. Dawa hiyo inapiga amiba na giadia, ni kweli, lakini inaua pia bakteria wasiotaka oksijeni, na wakazi wengi wa utumbo mpana ndio hao. Kuhara kwingi kwa majimaji, hasa kwa watoto, ni kwa virusi, ambavyo haviguswi na antibayotiki yoyote. Mgonjwa anapona siku ya tatu kwa sababu ugonjwa ulikuwa wa siku tatu, sifa anapewa kidonge.

Kinachookoa maisha ni maji. Pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kwa ujazo ulioandikwa juu yake, kwa kawaida lita moja ya maji safi, na isibaki zaidi ya saa 24. Ikikosekana kabisa: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onja, isizidi uchumvi wa machozi. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto, sukari ikizidi inaongeza kuhara. Mtoto apewe na zinki siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6. Aendelee kunyonya na kula. Damu kwenye choo, macho kudidimia, kutapika kila anachopewa, au kuhara kupita siku 14, hapo ni hospitali, na hapo antibayotiki ikiandikwa imezwe mpaka mwisho.

Antibayotiki ikiwa imeandikwa kwa haki, wengi huuliza wanywe nini kujenga upya. Jaribio la Denmark la 2018 liliwapa wanaume 12 wazima antibayotiki tatu kali kwa siku 4: jumuiya yao ilirejea karibu ilivyokuwa ndani ya mwezi mmoja na nusu, ila aina 9 zilizokuwa za kawaida kwao hazikuonekana hata baada ya siku 180. Mwaka huohuo watafiti wa Israeli walikuta kwamba vidonge vya bakteria vilivyomezwa baada ya antibayotiki vilichelewesha wenyeji kurudi, kuliko kwa waliokaa bila kumeza kitu. Wageni walijaza nyumba. Kwa hiyo mtindi si vibaya, makande ni bora, na subira ndiyo dawa kuu.

Kwa mtoto mchanga mambo ni rahisi kuliko wauza maziwa ya kopo wanavyotaka yawe. Maziwa ya mama yana sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Zipo kwa ajili ya bifidobakteria wake, na uwingi wake unashindwa na laktosi na mafuta tu. Maji ya kunywesha, uji mwepesi na dawa za mchango kabla ya miezi 6 huvuruga hapo. Baada ya miezi 6 mtoto anahitaji madini ya chuma, na huko Kwale, pwani ya Kenya, watafiti walikuta kwamba unga wa virutubisho wenye chuma kingi uliongeza vijidudu vya maradhi kwenye utumbo wa watoto wachanga na kupunguza bifidobakteria. Kilipopunguzwa kiwango cha chuma na kuongezwa nyuzinyuzi aina ya galaktooligosakaridi, madhara hayo yalizuiwa kwa sehemu kubwa. Chuma hakikatazwi, mtoto mwenye upungufu wa damu anakihitaji. Kinapimwa.

Mwisho kabisa wa mstari kuna tiba ambayo watu huisikia wakacheka: kupandikiza choo cha mtu mzima mwenye afya kwenye utumbo wa mgonjwa. Ni ya ugonjwa mmoja hasa, kuhara kunakosababishwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile baada ya antibayotiki, ambako hurudi kila dawa inapokoma. Katika jaribio la Uholanzi lililochapishwa 2013, wagonjwa 13 kati ya 16 walipona kwa mara ya kwanza tu, wakati antibayotiki ya vankomaisini iliponya 4 kati ya 13. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepandikizwa choo chenye bakteria sugu ambacho hakikuwa kimepimwa ipasavyo. Wanaojaribu nyumbani kwa blenda na bomba, kwa kufuata video, wamsome mtu huyo kwanza. Na anayepata kuhara kukali kwa maji siku chache au wiki chache baada ya antibayotiki asimeze dawa ya kufunga tumbo. Aende hospitali na jina la dawa aliyokunywa, ikiwezekana na kile kikaratasi chenyewe.